Harrison na Ravi Shankar, Shakti, Cooder na Bhatt, Mickey Hart na Zakir Hussain: uanze na kolabo ipi?

Ukishasikia sitari, kile chombo cha nyuzi cha Kihindi, kwenye wimbo mmoja wa Beatles na ikakunogea, kinachofuata ni kutafuta zaidi, na hapo ndo watu wengi wanapotea maana vitu ni vingi na nusu yake ni roki ya kawaida kabisa iliyofukizwa sitari kwa juu ili inukie udi. Hapa naweka kolabo nne za watu wa roki na watu wa muziki wa asili wa India, ambazo pande zote mbili ni mafundi kweli, na nitasema ipi inamfaa nani, kwa sababu hazifanani hata kidogo, na ukianza na isiyokufaa utasema muziki huu haukuhusu kumbe umeingilia mlango wa uani.

Kwanza tuelewane. Wengi wetu huku pwani sauti ya Kihindi tumeijulia kwenye filamu, na taarab ya Mombasa ya kina Juma Bhalo ilibeba mahadhi ya filamu hizo pamoja na tabla zake, kwa hiyo masikio yetu hayaanzi sifuri. Ila huu wa raga ni mwingine. Raga ni mpangilio wa sauti wenye masharti yake, sauti ipi inaruhusiwa ukipanda, ipi ukishuka, ipi uikalie muda mrefu, hata saa ya siku inayofaa kuipiga, halafu ndani ya masharti hayo mpigaji anabuni papo kwa papo na anaweza kukaa nusu saa au saa nzima kwenye raga moja. Mapigo nayo yanazunguka, mzunguko maarufu unaitwa tintal una mapigo 16, mwenye tabla na mwenye sitari wanaachana huko katikati kila mtu na njia yake halafu wanakutana tena kwenye pigo la kwanza, na ukishaanza kulisikia hilo pigo la kwanza basi umenaswa. Chini ya yote kuna mlio mmoja unaovuma mwanzo mpaka mwisho. Ile ya kuliza sauti tatu nne kwa mpigo na kuzibadilisha badilisha, ambayo gitaa la roki linaishi kwayo, huku haipo.

Sasa mtu wa roki na mtu wa raga wakiingia chumba kimoja lazima mmoja aache kitu au wote waache. Mi nazichagua hizi kolabo kwa swali hilo tu, nani kaacha nini. Ukubwa wa jina hausaidii, utaona.

George Harrison na Pandit Ravi Shankar

Hii kila mtu anaijua. Harrison aliikuta sitari mwaka 1965 wakati Beatles wanashuti filamu, mwaka huohuo akaipiga mwenyewe kwenye Norwegian Wood, na tuseme ukweli pale sitari inafuata tu melodi ya gitaa, uhindi wake ni mdogo. Juni 1966 akakutana na Ravi Shankar London na Septemba akaenda India kusoma kwake, Bombay halafu Kashmir. Fikiria wakati ule huyu jamaa ni mmoja wa watu wanaokimbizwa na mashabiki kuliko wote duniani, na anakaa chini sakafuni kufundishwa jinsi ya kushika chombo kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nani kaacha nini? Harrison kaacha karibu kila kitu, Ravi hajaacha chochote. Na wala simlaumu Ravi, yule ni mwalimu na mwenzake ni mwanafunzi, ndo desturi ya muziki wao, ila matokeo yake ni kwamba ukizitafuta rekodi ambazo hawa wawili wamekaa sawa kwa sawa wanapiga pamoja unakuta ni chache mno. Watu wanadhani Ravi anapiga kwenye nyimbo za Beatles. Hapigi hata mmoja. Love You To ya 1966 tabla ni za Anil Bhagwat, Within You Without You ya 1967 ni wanamuziki wa chama cha Asian Music Circle cha London, The Inner Light ya 1968 muziki wake ulirekodiwa Bombay na wanamuziki wa hukohuko. Katika hizo tatu mi ningesema chukua Within You Without You, dakika tano na ushee, sikiliza dilruba, kile chombo cha kupigwa kwa upinde, kinavyomfuata Harrison neno kwa neno anapoimba, kinamganda, yeye akipanda nacho kinapanda, ndivyo mwimbaji wa Kihindi anavyosindikizwa, na hiyo hakuitoa kichwani, amefundishwa.

Halafu kuna upande wa pili ambao watu hawaufiki, albamu za Ravi ambazo Harrison ndo prodyuza. Shankar Family & Friends ya 1974 imechanganyika sana, kuna wimbo unaweza kupigwa redioni na kuna muziki wa kuchezea dansi ya jukwaani, mi imenishinda kuipenda yote. Chants of India ya 1997 ndo yenyewe. Ni dua na aya za Kihindu za kale zinaimbwa na kundi, sehemu ilirekodiwa Madras na sehemu nyumbani kwa Harrison huko Henley, Uingereza, roki hamna hata chembe, Harrison anapiga vitu vidogo vidogo pembeni na kazi yake kubwa ni kuhakikisha kila kitu kinasikika safi. Miaka thelathini baada ya kukutana ndo wametoa kitu chao kizuri kuliko vyote, na mtu wa roki kakitoa kwa kukaa kimya.

Tamasha la Bangladesh siwezi kuliruka. Tarehe 1 Agosti 1971, Madison Square Garden, New York, maonyesho mawili siku moja, Ravi ndo alimwomba rafiki yake asaidie baada ya kimbunga na vita kufukuza mamilioni ya watu kwao. Ravi na Ali Akbar Khan mwenye sarodi, chombo kingine cha nyuzi, na Alla Rakha mwenye tabla ndo walifungua jukwaa. Wakakaa, wakaanza kuweka nyuzi zao sawa, hiyo kazi inachukua muda maana sitari ina nyuzi nyingi za chini zinazoitika zenyewe, wakamaliza, na ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Ravi akawaambia kwa adabu kwamba kama wamependa hivi wakati bado wanaweka nyuzi sawa, anatumaini muziki wenyewe wataupenda zaidi. Ipo kwenye rekodi, isikilize, ndani ya nusu dakika unapata picha yote ya jinsi wazungu wa miaka ile walivyokuwa wanaupokea muziki huu, mapenzi tele, kuelewa kidogo. Mwaka 1974 Harrison alimchukua Ravi na kundi kubwa la Wahindi kwenye ziara ya Marekani, mashabiki wengi walitaka nyimbo za Beatles, Ravi akaugua moyo wakiwa Chicago, ile ziara kwa ufupi haikuwa na raha.

Ila kuna kitu kimoja. Harrison mwaka 1968 aliona sitari hataiweza kwa kiwango cha kina Ravi akarudi kwenye gitaa, na baadaye akaanza kupiga kwa kutelezesha bomba juu ya nyuzi, sikiliza My Sweet Lord ya 1970, sauti haidondoki kutoka noti hii kwenda ile, inateleza, inavutwa. Mi naona darasa la sitari liliishia pale, kwenye gitaa lake mwenyewe. Kuteleza huko kukumbuke, tutakurudia kwa Cooder.

Inamfaa nani: mtu anayependa historia na urafiki wa watu, au shabiki wa Beatles anayetaka kuvuka mto kidogo kidogo. Ukitaka kusikia roki na raga zikibishana ana kwa ana, hapa utangoja sana.

Shakti

Hapa sasa. John McLaughlin ni Mwingereza wa gitaa, mtu wa jazi-roki zaidi kuliko roki tupu, na kabla ya bendi hii ya Shakti alikuwa na bendi ya Mahavishnu Orchestra ambayo ilikuwa na sauti kubwa na spidi ya kutisha, gitaa la umeme la shingo mbili, maspika mpaka juu. Bendi iko juu kabisa, yeye akaja kuacha umeme wote akakaa chini amekunja miguu na gitaa la kawaida lisilo na waya, pembeni yake L. Shankar mwenye fidla, Zakir Hussain mwenye tabla, na Vikku Vinayakram mwenye ghatam. Mashabiki wake wengi walibaki wameduwaa, walikuja kwa radi wakakuta chungu.

Na chungu ni chungu kweli. Ghatam ni chungu cha udongo, Vikku anakipakata, mdomo wa chungu umegusa tumbo, anakipiga kwa vidole na viganja na chini ya mkono, na akikisogeza tumboni sauti nzito inabadilika, inavimba au inafungwa. Mtu hajawahi kusikia anadhani kuna ngoma tatu. Halafu Zakir anamjibu kwa tabla, wanarushiana, kwanza mafungu marefu, kisha mafupi, kisha mafupi zaidi mpaka wanaongea juu ya mwenzake, halafu pap, wote wanne wanatua pigo moja. Hata kama huelewi hesabu mwili unaelewa.

Kitu ambacho wasikilizaji wengi hawakijui ni kwamba Shakti sio tu Mzungu na Wahindi. India yenyewe ina miziki miwili ya asili, wa kaskazini na wa kusini, na hawa wa kaskazini na wa kusini kwa kawaida kila mtu alikuwa na jukwaa lake, mwalimu wake, hesabu zake. Zakir ni wa kaskazini, mtoto wa Alla Rakha yuleyule wa tamasha la Bangladesh. Shankar na Vikku ni wa kusini. Kwa hiyo ndani ya bendi ya watu wanne kulikuwa na mikutano miwili kwa wakati mmoja, na nadhani ndo maana McLaughlin hakuonekana mgeni, kila mmoja mle ndani alikuwa mgeni wa mwenzake.

Nani kaacha nini: wote. McLaughlin kaacha umeme na kaacha kuwa bosi, Wahindi wameacha ule mwendo wa polepole wa kuifungua raga nusu saa, maana nyimbo za Shakti zinaingia haraka, na wamekubali wakati mwingine gitaa lilize sauti kadhaa kwa pamoja chini yao. Gitaa lenyewe lilibadilishwa. Gibson walimtengenezea gitaa lenye nyuzi saba za ziada zinazopita mshazari pale tumboni, anazikwangua kupata ule mlio wa kuvuma, na ubao wa shingo ukachimbwa katikati ya kichuma na kichuma ili kidole kiweze kuuvuta uzi sana na sauti ipinde. Sababu ni kwamba gitaa la kawaida lina vile vichuma vinavyokata sauti vipande vipande, na muziki wa raga uhai wake uko katikati ya vipande, pale sauti inapotoka moja kwenda nyingine. Mpigaji wa sitari anavuta uzi pembeni anapata sauti tano bila kuhamisha kidole. Mwenye gitaa la kawaida anabaki anagonga mlango.

Albamu za awali ni tatu. Ya kwanza, inayoitwa tu Shakti, ilirekodiwa laivu Julai 1975 chuoni Southampton, jimbo la New York, ikatoka 1976, inaanza na Joy ambayo ina dakika 18 za mbio. Usianze nayo, nakuomba. Ni nzuri ila ni kama kunyweshwa maji na bomba la zimamoto. Anza na A Handful of Beauty ya 1976, wimbo wa kwanza La Danse du Bonheur, haufiki dakika tano, unafunguka na midomo tu, wanatamka mapigo kwa silabi kwa kasi, ile inaitwa konnakol, ndo jinsi wapiga ngoma wa kusini wanavyojifunza kabla hawajagusa ngoma, halafu vyombo vinaingia na kupiga kilekile kilichotamkwa. Umeshafundishwa somo la kwanza bila kujua. Natural Elements ya 1977 ni fupi fupi na laini zaidi, wengine wanaipenda, mi naona wameipunguzia chumvi.

Baadaye walirudi mwaka 1997 kwa jina la Remember Shakti, na kwa muda mrefu walikuwa na U. Srinivas aliyekuwa anapiga mandolini ya umeme muziki wa kusini, fundi ambaye alifariki 2014 bado kijana, na Selvaganesh mtoto wa Vikku, na mwimbaji Shankar Mahadevan ambaye wapenzi wa filamu za Kihindi wanamfahamu vizuri. This Moment ya 2023 ilichukua Grammy Februari 2024, na Desemba mwaka huohuo Zakir akafariki San Francisco. Hiyo albamu imesafishwa sana kwa studio kwa ladha yangu, ila kama unakuja kutoka muziki wa sasa ndo itakayokupokea vizuri.

Inamfaa nani: mtu wa gitaa, mtu wa ngoma, mtu anayechoka haraka na muziki wa polepole. Haimfai anayetaka kusikilizia wakati anafanya kazi nyingine, utaacha kazi.

Ry Cooder na Vishwa Mohan Bhatt

Albamu moja tu, A Meeting by the River, nyimbo nne, dakika kama 40. Ilirekodiwa Septemba 1992 kanisani huko Santa Barbara, California, ikatoka 1993, ikachukua Grammy 1994.

Cooder ni yule wa gitaa la kuteleza, aliyepiga kwenye rekodi za Rolling Stones, baadaye ndo akaja na ile kazi ya wazee wa Cuba. Bhatt ni mwanafunzi wa Ravi Shankar, na chombo chake alikibuni mwenyewe, mohan veena, kwa asili ni gitaa lakini limeongezwa nyuzi nyingi za kuvuma na kuitika, analilaza mapajani na kulipiga kwa fimbo ya chuma inayoteleza juu ya nyuzi. Cooder naye anatelezesha bomba la kioo kidoleni. Umeona? Wote wawili hawana shida na vichuma. Kazi yote ile ya Gibson kuchimba shingo ya gitaa la McLaughlin hapa haikuhitajika, blusi ya Mississippi na raga zilikuwa zimeshafika kwenye kuteleza kila moja kwa njia yake, na hawa wawili wakakaa tu pale zilipokutana.

Walikuwa wamefahamiana chini ya saa moja kabla ya kuanza. Hakuna mazoezi, hakuna nyimbo zilizoandaliwa, wanne tu, wao wawili, Sukhvinder Singh Namdhari kwenye tabla, na Joachim mtoto wa Cooder akiwa na miaka 14 kwenye dumbaki. Mwenye lebo ya Water Lily, Kavichandran Alexander, alirekodi kwa tepu, bila kuongeza kitu baadaye, na ndo maana ukivaa hedifoni unasikia ukumbi wenyewe, unasikia sauti inaondoka kwenye uzi inaenda kugonga ukuta na kurudi.

Wimbo wa kwanza, uleule wenye jina la albamu, sikiliza dakika mbili za mwanzo. Bhatt anatoa kifungu kidogo. Cooder anakirudia lakini hakikamilishi, anakiacha wazi, kama anauliza. Bhatt anakijibu kwa kirefu zaidi. Tabla bado hazijasema neno. Ni mazungumzo ya watu wawili wanaopimana, hakuna anayetaka kumfunika mwenzie, na pale tabla zinapoingia unaona kabisa wote wamepumua. Ganges Delta Blues, wa tatu, ndo wenye utani, Cooder anaburuza upande wa blusi na Bhatt anakubali kuburuzwa. Wa mwisho ni Isa Lei, wimbo wa kuagana wa visiwa vya Fiji, sio wa India wala Marekani, wamekwenda mahali ambapo wote ni wageni.

Nani kaacha nini hapa hata swali halikai vizuri. Hawakupata muda wa kuacha. Na udhaifu wa albamu uko hapohapo, mtu aliyezoea raga atakwambia ni nyepesi, Bhatt anajizuia, hafungui raga yoyote mpaka ndani, na ni kweli, Bhatt akiwa peke yake anazama zaidi. Mi hainisumbui.

Inamfaa nani: karibu kila mtu, na hasa anayeanza. Mzee wa nyumbani anayependa taarab ya zamani muwekee hii bila kumwambia ni nini.

Mickey Hart na Zakir Hussain

Hart ni mpiga ngoma wa Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani, kwa Zakir alifika kupitia baba, alikutana na Alla Rakha mwaka 1967 na hesabu zile zikampindua kichwa. Mwaka 1976 yeye na Zakir wakatoa Diga, albamu ya bendi iliyotokana na wanafunzi wa tabla wa Zakir kwenye chuo cha Ali Akbar Khan huko California, na Jerry Garcia wa Grateful Dead anapitia pitia na gitaa. Kuna wimbo mle unaitwa Happiness Is Drumming, ule mdundo wake Grateful Dead waliuchukua ukawa Fire on the Mountain, kwa hiyo kama unatafuta mahali ambapo raga na roki zimebadilishana kitu kikaonekana, hapo pana ushahidi.

Planet Drum ya 1991 ndo kubwa, albamu ya kwanza kabisa kupata Grammy ya muziki wa dunia, 1992. Humo yumo Vikku na chungu chake tena, na Wanigeria wawili, Babatunde Olatunji na Sikiru Adepoju mwenye ngoma ya kusema, na Wabrazili Airto na Flora Purim. Ni ngoma mwanzo mwisho na sauti za watu kidogo. Hart kaacha roki, Zakir kaacha raga, wamebaki na mapigo peke yake. Kwa sikio la kwetu hii haina ugeni wowote, mtu aliyekulia kwenye ngoma ataingia moja kwa moja, na kwa sababu hiyohiyo itakufundisha raga kidogo sana. Nzuri ya kufanyia kazi za mikono. Global Drum Project ya 2007 imejaa kompyuta, nayo ilipata Grammy, siipigii debe.

Ambazo sijaziweka

Nusrat Fateh Ali Khan na Michael Brook, na ile aliyoimba na Eddie Vedder wa Pearl Jam kwa ajili ya filamu, ni nzuri mno lakini ile ni kawali ya Pakistan, nyimbo za dini za Kisufi, inataka makala yake. Junun ya 2015, Jonny Greenwood wa Radiohead na Shye Ben Tzur ngomeni Jodhpur, nayo ni kawali na tarumbeta za mtaani zaidi ya muziki wa raga, ila kama unataka kitu cha kuchezesha mabega basi ndo hicho. Ananda Shankar alipiga nyimbo za Rolling Stones na Doors kwa sitari mwaka 1970, hiyo ni ya sherehe, inafurahisha, mara ya tatu umeshaichoka.

Na jamani kina Shankar watakuchanganya. Ravi ni wa sitari, Ananda ni mtoto wa kaka yake, Anoushka ni binti yake na anapiga sitari pia, Norah Jones ni binti yake mwingine na hapigi. L. Shankar wa fidla hana undugu nao, na Shankar Mahadevan wala. Ukiandika Shankar tupu kwenye kutafuta ujue utapata wowote kati ya hao.

Sasa chagua

Kama ni moja tu unataka, na hujui kama utaipenda, Cooder na Bhatt. Hainitii wasiwasi.

Kama unapiga chombo chochote, nenda Shakti moja kwa moja, A Handful of Beauty, halafu rudi kwenye ile ya kwanza ukishapata nguvu. Shabiki wa Beatles sikiliza Within You Without You kisha ruka yote ya katikati mpaka Chants of India, utashangaa njia ilikoishia. Mwenye watoto wadogo nyumbani aweke Planet Drum, wataanza kupiga meza na sufuria, hilo nakuhakikishia.

Anayetaka kuingia ndani zaidi kwenye raga yenyewe asizunguke na kolabo muda mrefu. Achukue rekodi ya Ravi Shankar na Alla Rakha kwenye tamasha la Monterey, California, Juni 1967, hakuna gitaa la umeme hata moja, ni sitari na tabla na tambura, kile chombo cha ule mlio wa kuvuma, mbele ya vijana waliokuja kuwasikiliza kina Hendrix, na wanavyozidi kwenda unasikia watu wanavyonyamaza kwanza halafu wanavyoripuka mwishoni.

Na tafadhali usisikilize kwa spika ya simu. Tabla ni ngoma mbili, ile kubwa ya mkono wa kushoto ndo inayoongea, inavutwa kwa kiganja inapanda na kushuka, na spika ya simu inaimeza yote, unabaki na ile ndogo inayotiki tu kama saa, halafu unasema muziki huu mwepesi. Hata hedifoni za bei ya chini zinatosha, na kama bando ni dogo shusha albamu moja nzima badala ya kuruka ruka vipande vya dakika mbili mbili, hasa ya Cooder, maana ule ukimya kabla ya tabla kuingia ukiukata hakuna kitu kinachobaki.